Kuiba na kuibia: jinsi tunavyomsikiliza mwizi anaposimulia

Kitabu cha John Kiriamiti, My Life in Crime, kimeandikwa kwa Kiingereza, na kwa sababu hiyo wengi wetu hapa Kisangani hatutakisoma. Mimi nilikiazima kwa mwenzangu aliyetoka nacho Kampala, nikakisoma kwa shida, kamusi mkononi. Kisha nikafanya kile ambacho mtu yeyote wa hapa angefanya akipata hadithi: nikawasimulia watu wa nyumbani na majirani, kwa Kiswahili, jioni tatu mfululizo. Makala hii inahusu jinsi walivyoipokea, kwa sababu walinionyesha jambo kuhusu kitenzi kimoja ambacho nilidhani nakijua.

Kwanza kitabu chenyewe. Kiriamiti ni Mkenya wa Murang'a. Mwaka 1971 alihukumiwa kifungo cha miaka 20 kwa unyang'anyi. Kitabu alikiandika gerezani, kikatoka mwaka 1984 katika mfululizo wa Spear Books wa Heinemann Kenya. Msimulizi anajiita Jack Zollo: kijana aliyeachana na shule, akaanza na wizi wa mifukoni, akaishia kwenye benki akiwa na bunduki. Kimechapishwa tena na tena, na ni miongoni mwa vitabu vinavyosomwa zaidi Kenya. Wahakiki wamekiweka kwenye rafu ya fasihi pendwa, na swali linaloulizwa mara nyingi ni kama kinaonya watu au kinafundisha wizi. Swali hilo naliona limekaa vibaya. Linachukulia kwamba jibu limefungwa ndani ya kitabu, kana kwamba msikilizaji hana kazi yoyote, wala yule anayehamisha hadithi kutoka lugha moja kwenda nyingine.

Jioni ya kwanza nilisimulia kama nilivyosoma, mbio mbio: akaingia, akatoa bunduki, akaiba pesa, akatoka, gari likaondoka. Watu walicheka na kupiga makofi. Mdogo wangu wa miaka 15 akauliza, "Yaya, balipata ngapi?"

Tumezoea kufundishwa kwamba -ka- ni kiambishi cha mfuatano, basi. Lakini tazama kinavyomfanyia mwizi. Kila tukio linabebwa na lile lililotangulia, na hakuna mahali pa kusimama ili mtu apime alichofanya. Majuto yanahitaji maumbo mengine, kama -ngali-: nisingalimpiga, ningalirudi nyumbani. Hapo msimulizi analazimika kugeuka nyuma na kuiona njia ambayo hakuifuata. Katika mazungumzo yetu ya kila siku hapa mjini umbo hilo ni adimu, nakubali. Hata hivyo mtu anayejuta ana namna yake ya kupunguza mwendo, na mimi jioni ile sikupunguza.

Jioni ya pili nilifika tena kwenye benki. Mama mmoja jirani, muuza kwanga, akanikata katikati: "Na benye falanga, beko wapi?" Wenye pesa wako wapi? Sikuwa na jibu. Nilirudi kwenye maneno yangu mwenyewe nikaona kwamba kwa jioni mbili nilikuwa nikisema kuiba tu. Kuiba kunahitaji mwizi na kitu. Niliiba pesa: sentensi imekamilika, sarufi haidai zaidi, na hakuna mtu aliyepoteza chochote. Ukitaka aliyeibiwa aonekane, lazima utumie kauli ya kutendea: nilimwibia pesa. Sasa kuna -mw- ndani ya kitenzi, mtu kamili, amesimama kati ya mwizi na kitenda chake. Na ukitaka mtu huyo azungumze, atasema nimeibiwa. Hawezi kusema nimeibwa, isipokuwa kama yeye mwenyewe ndiye aliyebebwa usiku.

Kiingereza kina vitenzi viwili visivyofanana kwa sura, kimoja huenda na kitu na kingine huenda na mtu. Sisi tuna shina moja, na anayesimulia kwa Kiswahili huchagua kila mara kama atamtia mwenye mali au atamwacha nje. Nilikuwa nimemwacha nje bila kujua kwamba nachagua.

Jioni ya tatu nikarudia sehemu ileile kwa kuibia. Waliwaibia makarani, walimwibia mtu gari lake. Hakuna aliyecheka. Mazungumzo yakaondoka Nairobi yakaja kwetu. Watu waliokuwa mji huu Juni 2000, wakati majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana hapa siku sita, hawahitaji kuelezwa mwenye bunduki anapokuwa mlangoni inakuwaje. Mimi nilizaliwa baadaye. Nilikaa kimya nikasikiliza.

Mtu anaweza kunipinga: niliupindisha usimulizi ili nipate majibu niliyoyataka. Ni kweli kwa jioni ya tatu. Lakini jioni ya kwanza nayo niliupindisha, upande wa pili, na pale hakuna ambaye angenilaumu.

Kiriamiti mwenyewe alirudi kwenye hadithi hii mwaka 1989, katika My Life with a Criminal: Milly's Story, ambamo anayesema "mimi" ni mwanamke aliyempenda Zollo bila kujua kazi yake. Wapo wanaokiona kama nyongeza tu ya kitabu cha kwanza. Mimi naona ni kauli ya kutendea iliyorefushwa ikawa kitabu kizima: mtu aliyetendewa amepewa nafasi ya kiima. Mashaka yangu ni mawili. Mkono unaoandika bado ni wa mwanamume yuleyule, na Milly anapata sauti kwa sababu alipendwa na mwizi. Karani wa benki hakuandikiwa kitabu.

Mama muuza kwanga amekwisha kuniuliza kama hicho cha Milly nitakipata. Mdogo wangu hakubadilika sana. Jioni ya tatu, majirani walipoondoka, alinifuata ndani akaniuliza lile gari lilikuwa la aina gani.