Kazi ya ziada ni ya mtoto au ya mzazi?

Tangu mtaala wa umilisi, CBC, uanze kutekelezwa kote nchini Kenya mwaka 2019, wenye saiba mitaani wamepata wateja wa aina mpya: wazazi wanaoingia saa moja jioni, sare za kazi zikiwa bado mwilini, wakitaka kuchapishiwa picha ya rangi ya ng'ombe. Gredi ya Pili inaihitaji kesho asubuhi. Wengine wameshona wanasesere wa matambara, wengine wakaunda sanamu za kutishia ndege ilhali wanaishi ghorofa ya nne, hawana shamba wala ndege wa kutishwa.

Manung'uniko yakafika mbali. Septemba 2021 wakili Esther Ang'awa aliupinga mtaala wenyewe katika Mahakama Kuu, na mwaka 2023 Katibu wa Elimu ya Msingi, Belio Kipsang, akatangaza kuwa wanafunzi wa shule za msingi wasipewe tena kazi za kufanyia nyumbani. Wazazi wengi walishangilia. Si wote, maana yupo mzazi ambaye mtoto akirudi na mkoba mwepesi huanza kuuliza karo analipia nini.

Huyo naye hajakosea kabisa. Mwaka 2006 Harris Cooper wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, alichapisha mapitio ya tafiti nyingi kuhusu suala hili. Kazi ya nyumbani ilienda sambamba na alama nzuri, lakini hasa kwa wanafunzi wa kuanzia darasa la saba. Kwa wadogo uhusiano huo ulikuwa hafifu. Kijana wa sekondari anayerudia aljebra usiku anavuna. Wa miaka saba aliyeamshwa alfajiri kuwahi basi la shule, na sasa anasinzia juu ya daftari, anavuna nini?

Mimi ningembakishia huyu mdogo kazi moja tu: kusoma kwa sauti. Mama anasonga ugali, mtoto yuko kando anamsomea ukurasa mmoja wa hadithi. Hata mama asiyejua kusoma anaweza kumwambia, "Haya, nisimulie tena, huyo sungura alifanyaje?" Haigharimu shilingi, na hakuna mtu mzima atakayeifanya kwa niaba yake.

Lisilozungumzwa sana ni usahihishaji. Mwalimu mwenye watoto sitini hukusanya madaftari asubuhi na kupiga tiki mbiombio kabla ya kengele. Mtoto aliyetoa 17 kwenye 42 akapata 35, kwa sababu kila mara hutoa tarakimu ndogo kwenye kubwa, anarudishiwa daftari lenye tiki ya wino mwekundu na maswali mengine thelathini ya aina ile ile. Matatu tu, yakisahihishwa siku hiyo hiyo naye akiwa amesimama mezani kwa mwalimu, yangelinasa kosa lake.