Sikio halina spea: Jinsi ya kuchagua spika za masikioni

Kutoka Nyeri hadi Nairobi ni takriban kilomita 150. Abiria wengi wa matatu huvaa spika za masikioni kabla hata gari halijafika Karatina. Injini inanguruma, upepo unavuma dirishani, redio ya dereva nayo haijanyamaza. Abiria hupandisha sauti ya simu hadi wimbo wake uzishinde kelele zote hizo. Hapo ndipo sikio linapoanza kuumia.

Ndani kabisa ya sikio mna koklea, mfereji mdogo uliojikunja kama konokono. Umejaa seli zipatazo 15,000 zenye vinyweleo, ambazo hugeuza mtikisiko wa sauti kuwa ujumbe wa kupelekwa kwenye ubongo. Kelele kali huzichosha, na zikizidi huziua. Ndege huotesha nyingine, binadamu hawezi.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema mtu mzima anaweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki bila hatari. Kila zinapoongezeka desibeli 3, muda huo hupungua kwa nusu. Kwenye desibeli 90 unabaki na saa 4 tu kwa wiki, muda ambao safari ya Nairobi, kwenda na kurudi, huumaliza kwa siku moja. Kwenye desibeli 100 ni kama dakika 20.

Kwa hiyo, unaposimama mbele ya kibanda cha vifaa vya simu mjini Nyeri, Karatina au Nanyuki, jambo la kwanza si chapa wala rangi. Uliza kama spika hiyo inaziba sikio vizuri. Chagua zenye ncha laini za mpira za saizi tatu, kisha uzijaribu bila muziki. Sauti ya makanga ikififia, zimekukaa. Besi ikisikika hafifu, mara nyingi ni kwa sababu hewa inapenya pembeni. Badilisha ncha kabla ya kuilaumu spika. Ukitembea kando ya barabara au kupanda bodaboda, zivue ili usikie magari.

Kuhusu uimara, waya hukatikia karibu na plagi, kwa hiyo tafuta zenye mpira mnene unaopindika mahali hapo. Zisizo na waya hutegemea betri ndogo ambazo huchoka kadiri zinavyochajiwa, na aghalabu fundi hawezi kuzibadilisha. Baridi ya Julai nayo hupunguza muda wa chaji. Kwa manyunyu ya huku mlimani, tafuta alama ya IPX4, inayoonyesha kwamba kifaa kinahimili matone ya maji.

Kama bajeti ni ndogo, nunua za waya. Kwa bei ileile, sehemu ya pesa za zisizo na waya huishia kwenye betri na mitambo ya mawasiliano, si kwenye sauti. Hakikisha tu kwamba simu yako ina tundu linalofaa.

Ukishanunua, usipite asilimia 60 ya sauti ya simu, na upumzishe masikio mara kwa mara. Masikio yakivuma baada ya safari, hilo ni onyo. Mvumo usipoisha, nenda hospitali upimwe. Spika ikiharibika utanunua nyingine kesho. Sikio likiharibika, hakuna duka utakakopata jingine.