Dakika Ishirini na Meli Ndogo ya Diani

Nje ya mwamba wa Diani, kusini mwa Mombasa, kuna meli ndogo ya uvuvi iitwayo Alpha Funguo. Ilizamishwa makusudi mwaka 2002, na sasa imekaa juu ya mchanga, mita 28 hivi chini ya maji. Urefu wake ni kama mita 15, yaani imelizidi kidogo tu basi la abiria. Wageni wakisikia hivyo hukunja uso. Mimi huwaambia udogo huo ndio raha yake, na sababu ni hesabu.

Kila ukishuka mita 10 baharini, shinikizo huongezeka kwa kiasi kile kile cha hewa yote iliyo juu ya vichwa vyetu. Kwenye mita 28 unabanwa karibu mara nne ya ulivyokuwa ndani ya boti, na kila pumzi hula hewa karibu mara nne. Anayetumia lita 20 kwa dakika juu, kule chini hutumia lita 76. Mtungi wa lita 12 uliojaa hubeba lita 2,400 hivi; weka robo ya akiba, na una dakika 23 tu.

Hata ukiwa mchoyo wa pumzi, naitrojeni haikusamehe. Inayeyuka katika damu na misuli kama gesi ndani ya soda, na ukipanda ghafla hufanya kile soda inachofanya ukifungua kizibo. Majedwali ya uzamiaji wa burudani hutoa dakika 20 kwa mita 30. Muda huo unatosha kuizunguka Alpha Funguo taratibu, tezi hadi omo, mara mbili. Kwenye Dania, meli nyingine iliyozama, iliyokuwa ya kubeba ng'ombe na ambayo ni kubwa mara kadhaa, hujaimaliza na muda umekwisha.

Katika dakika hizo, tumia tochi. Maji hunyonya rangi nyekundu kwanza, na chuma chote huonekana cha samawati iliyochujuka. Niliwahi kujikwaruza kidole kwenye ukingo wa sitaha, damu ikatoka kijani kama maji ya mchicha. Nilipomulika ikarudi nyekundu, na sponji zilizo pembeni nazo zikawaka. Viumbe wachanga wanaoelea baharini hutafuta kitu kigumu cha kushika. Mchanga hauwafai, chuma kinawafaa. Wakishajishika, samaki wadogo huja, na nyuma yao chewa, ambaye hukaa kivulini kama mwenye nyumba.

Ngama ichungulie kutoka nje. Pezi likigusa tope mara moja, maji hugeuka uji na mlango huuoni tena. Kuingia ndani ya meli ni fani yenye mafunzo yake.

Nenda wakati wa kaskazi, maji yakiwa matulivu na meupe. Panda polepole, usizidi mita 9 kwa dakika, kisha tulia dakika tatu kwenye mita 5.

Na usikate tiketi ya ndege ya jioni kutoka uwanja wa Ukunda: naitrojeni bado imo mwilini, na shinikizo la hewa hupungua kadiri unavyopanda. Subiri kwa muda wa saa 12 ukiwa umezama mara moja, 18 ukiwa umezama zaidi. Treni ya Nairobi nayo si ujanja: mji huo uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari.