Mgombea Aliyebadili Jina: Nani Amhukumu?

Ninyi mliohama kwenu, na ninyi wakubwa wa mitaa wa Lubumbashi, leo tuzungumze juu ya jambo linaloleta maneno wakati wa uchaguzi. Mtu anajitoa kuwa mgombea, na mara wengine wanasema: "Huyu zamani aliitwa vingine. Si mwenzetu."

Kumbukeni tulikotoka. Mwaka 1972 Mobutu aliamuru raia waache majina ya kizungu ya ubatizo. Yeye mwenyewe aliacha Joseph-Désiré, akawa Mobutu Sese Seko. Hata jimbo letu liliitwa Shaba tangu 1971 mpaka 1997. Baada ya 1990, utawala wa chama kimoja ulipolegea, wengi walirudia Jean na Marie bila kupita ofisi yoyote. Ndiyo sababu katika nyumba moja cheti cha shule kinasema hivi, na kadi ya uchaguzi inasema vile. Anayecheka karatasi za jirani afungue kwanza sanduku lake.

Sheria ya Jamaa ya 1987 inakataza mtu kubadili jina, au herufi zake, au mpango wake, kwa kupenda tu. Anapeleka ombi kwenye Tribinali ya Amani ya mahali anapokaa, ile tunayoita Tripaix, na mwamuzi anakubali akiona sababu ya haki. Basi mbele ya sheria tunauliza: mwenye karatasi hizi mbili ni mtu yule yule? Hukumu ya kubadili jina ipo? Kabila halimo.

Mwenye mashaka ana njia. CENI ikitangaza orodha ya muda ya wagombea, kuna siku chache za kupinga. Kwa rais na wabunge wa taifa, ni Korti ya Katiba. Kwa wabunge wa jimbo, ni korti ya rufaa ya mambo ya utawala. Oktoba 2023, Noël Tshiani, naye mgombea wa urais, alimpinga Moïse Katumbi, gavana wa zamani wa Katanga, ambaye baba yake alitoka kisiwa cha Rhodes. Hapo shauri lilikuwa la uraia, si la jina, lakini mzizi ni ule ule: wewe ni nani? Tarehe 30 Oktoba Korti ilisema madai hayana msingi, na Katumbi akabaki kwenye orodha.

Shauri hilo lilikwisha kwa karatasi. Mwaka 1992 na 1993 hatukungoja karatasi. Watu wa asili ya Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi, wengi wao wazaliwa wa hapa hapa, na familia zikalala stesheni ya Likasi zikingoja gari moshi. Na majina yenyewe yanadanganya! Ilunga, Kalala, Mutombo: utayakuta kwa Waluba wa Katanga na kwa Waluba wa Kasai.

Wakubwa wa mitaa, mkimwandikia mtu aliyehama karatasi ya ushuhuda, wekeni majina yote anayojulikana nayo, na mahali na tarehe ya kuzaliwa. Msimchagulie moja. Karatasi hiyo haibadili jina, ila inamsaidia mbele ya mwamuzi. Na ninyi mnaotaka kugombea, pelekeni ombi Tripaix mapema, kabla CENI haijaanza kupokea wagombea.