Mchezo ni wa mtoto, simu ni ya mama

Siku moja ya kwanza ya juma, mtoto mmoja wa masomo yetu, mwenye miaka 13, alikaa tangu asubuhi bila kuandika hata mstari mmoja. Tulifikiri ni malaria. Tulipomwuliza, machozi yakatoka: "Banayiba konti yangu ya Free Fire." Wenzake wakanyamaza kama watu walio kwenye kilio. Tuseme ukweli mbele yenu, wamama wapendwa: sisi walimu tulitaka kucheka. Mchezo wa simu tu! Tukamwambia atoe daftari.

Siku mbili nyuma mama yake akaja, na hapo hakuna aliyecheka. Mama huyo anauzisha vitenge, na wateja wake wengi wanamfuata kwenye Facebook. Amekubali tusimulie habari yake bila jina.

Wengi wetu hatukujua jambo hili: mtoto akifungua Free Fire, kwa kawaida anapita kwa konti ya Facebook au ya Google. Kwa hiyo ufunguo wa mchezo ndio ufunguo wa Facebook. Na Facebook ya nani? Ya mama, kwa sababu simu ni ya mama. Kuna pia wanaocheza kama "mgeni", bila konti yoyote. Hao simu ikipotea, mchezo wao unapotea nayo.

Sasa mtu fulani ndani ya mchezo alimwahidi mtoto almasi za bure. Almasi ndizo feza za Free Fire. Zinanunuliwa kwa feza za kweli, na kwazo mchezaji anapata nguo na vitu vya kujionyesha mbele ya wenzake. Mtu huyo akatuma ukurasa unaofanana kabisa na wa Facebook. Mtoto akaandika namba ya mama na neno lake la siri. Almasi hazikuja. Neno la siri likabadilishwa, na jioni wateja wa mama wakaanza kupokea ujumbe wenye picha yake: "Yaya, niko na shida, unitumie kidogo ku hii namba." Wawili walituma. Mama alirudisha feza hizo kutoka mfuko wake, juu ya kulinda jina lake sokoni.

Kama kungekuwa na kufuli ya pili, mwizi angesimama njiani. Fikirini lupango: mtu anaweza kuiba ufunguo wa lango, lakini bado anakuta mlango wa nyumba umefungwa. Neno la siri ni lango. Kufuli ya pili ni kode inayobadilika, ambayo inaulizwa kila mara konti inapofunguliwa kwenye simu isiyojulikana. Simu zetu nyingi zinasema Kifaransa, basi tafuteni maneno haya: kwa Google, "Validation en deux étapes", kwa Facebook, ingieni "Mot de passe et sécurité", kisha "Authentification à deux facteurs". Haiombi hata franka moja.

Mtaulizwa kode ije kwa njia gani. Wengi wanachagua SMS, na SMS ni bora kuliko kukosa kufuli. Lakini hapa kwetu tunaifikiria mara mbili. Namba ya simu inapotea, tunanunua ingine, ile ya zamani inakaa bila kutumiwa, na kampuni inaweza kuipa mtu mwingine. Kisha kode za Facebook yako zinaingia kwa mtu usiyemjua, kule Katuba ao Kolwezi. Tena umeme ukikatika tunapeleka simu kuchajiwa pahali pengine, na SMS inaonekana juu ya kioo hata simu ikiwa imefungwa. Kama mnabaki na SMS, fungeni kwanza ile nafasi ya kuonyesha ujumbe kwenye kioo.

Sisi tunapendelea programu inayotengeneza kode ndani ya simu yenyewe, kama Google Authenticator. Kode zake zinabadilika kila sekunde 30. Haihitaji mega wala mtandao. Inaomba tu saa ya simu iwe sawa. Kwa nyumba ambamo mega zinaisha tarehe 10 ya mwezi, hilo si jambo dogo.

Na simu ikiibiwa pamoja na hiyo programu? Google inakupa kode 10 za akiba, kila moja inatumika mara moja tu. Ziandikeni kwa kalamu juu ya karatasi. Msizipige picha na kuziacha ndani ya simu ileile, maana tumeona mama mmoja akifanya hivyo kwa moyo mzuri kabisa.

Lakini mwizi akikuta mlango umefungwa, atabisha hodi. Atamwandikia mtoto: "Tuma ile kode yenye inaingia sasa, ndiyo ya almasi." Atajifanya rafiki, ao mtu wa kampuni. Hapo kufuli haisaidii kitu kama mtoto mwenyewe anafungua. Semeni naye kabla, bila fimbo. Yule mtoto wetu alificha jambo tangu siku ya posho kwa kuogopa kupigwa, na ni katika siku hizo mbili feza za wateja zilitoka.

Wanaosema hii ni michezo ya watoto wajue kwamba mwezi wa 12 mwaka 2015, kampuni Valve, yenye duka la michezo Steam, ilisema konti karibu 77,000 zilikuwa zinaibiwa kila mwezi. Vitu vya ndani ya mchezo vinauzishwa kwa feza kamili. Mwaka 2018 wenye mchezo Fortnite walitoa dansi ya bure kwa kila mchezaji aliyeweka kufuli ya pili. Tulipowasimulia wanafunzi habari hiyo, walisikiliza kuliko somo la hesabu.

Wekeni vilevile kufuli kwenye WhatsApp: "Compte", kisha "Vérification en deux étapes", tarakimu sita. Zisiwe na tarakimu za kode yenu ya M-Pesa ao Airtel Money, wala mwaka wa kuzaliwa wa mtoto. Na kama mwizi amekwisha kupita, pigeni picha za ujumbe wake kabla ya kufuta chochote: Sheria ya mambo ya dijitali ya tarehe 13 Machi 2023 inahesabu kuingia katika konti ya mtu bila ruhusa kuwa kosa, na polisi watauliza ushahidi.

Mama wa vitenge alipata Facebook yake nyuma ya siku tisa. Mtoto alianza mchezo upya, kwa konti yake ya Google, na kufuli mbili. Karatasi ya kode iko ndani ya kopo la maziwa pamoja na cheti chake cha kuzaliwa, na mpaka leo hajui mama ameficha kopo wapi.