Kuhamia Hifadhidata ya Akiba Baada ya Hitilafu ya Hifadhidata Kuu: Mfano wa GitHub, Oktoba 2018

Kuhamia hifadhidata ya akiba ni kitendo cha kuikabidhi seva nyingine mamlaka ya kupokea maingizo mapya pindi seva kuu inaposhindwa kutoa huduma. Mara nyingi kitendo hiki huelezwa kana kwamba hukamilika pale seva ya akiba inapoanza kujibu maombi. Makala haya yanashikilia kuwa ugumu wake huanzia hapo hapo: suala la msingi si kasi ya kuhama, bali ni seva ipi inayoshika kumbukumbu sahihi baada ya kuhama. Hoja hiyo inafafanuliwa kwa tukio la GitHub la tarehe 21 Oktoba 2018, ambalo kampuni yenyewe ililitolea taarifa ya kina mwishoni mwa mwezi huo.

Kwanza ieleweke namna akiba inavyojazwa. Seva kuu hupokea ingizo, huliandika katika kumbukumbu yake ya mabadiliko, kisha mabadiliko hayo hupelekwa kwa seva fuasi. Seva kuu ikilazimika kungoja hadi seva fuasi ikiri kupokea ndipo imjibu mtumiaji, ingizo lililothibitishwa huwa salama, lakini kila ingizo hulipa gharama ya safari ya mtandao. Isipongoja, mtumiaji hujibiwa upesi, ila hubaki ufa mwembamba: maingizo ambayo mtumiaji amekwisha kuambiwa kuwa yamehifadhiwa, ilhali hayajafika kwingine. Kati ya Pwani ya Mashariki na ya Magharibi ya Marekani, ufa huo ulikuwapo katika mfumo wa GitHub.

Saa 22:52 UTC, mafundi waliokuwa wakibadilisha kifaa kibovu cha nyuzi za mwanga walisababisha kukatika kwa mawasiliano kati ya kitovu cha mtandao cha Mashariki na kituo kikuu cha data cha huko huko. Mawasiliano yalirejea baada ya sekunde 43. Hata hivyo, programu ya Orchestrator, iliyosimamia seva za MySQL na kuteua seva kuu, ilikuwa ikiendeshwa katika vituo kadhaa vilivyofikia maamuzi kwa itifaki ya Raft. Vituo vya Magharibi na vya wingu la umma la Mashariki vilitimiza akidi bila kituo kikuu, vikateua seva kuu mpya Magharibi. Kwa kanuni zilizokuwa zimewekwa, havikukosea.

Tatizo ni kwamba seva za Mashariki hazikuwa zimekufa. Zilikuwa na maingizo ya sekunde kadhaa ambayo Magharibi haikuyapata, na Magharibi nayo ikaanza kupokea maingizo yake, kwa takribani dakika 40, kabla ya wahandisi kuutambua uzito wa hali hiyo. Mwenye duka aliyepoteza daftari la madeni, akafungua jingine, kisha akaliona lile la kwanza chini ya meza, anaijua shida hii: hawezi kuchoma lolote kati ya hayo mawili. Kurudi Mashariki mara moja kungefuta dakika 40 za kazi za watu. Kubaki Magharibi nako kuliumiza, kwa kuwa programu zilizobaki Mashariki zililazimika kuvuka bara zima kwa kila ingizo, jambo ambalo hazikubuniwa kulistahimili.

GitHub ilichagua kulinda data na kuacha huduma idorore. Uamuzi huo, kwa maoni ya mwandishi, ulikuwa sahihi, japo uligharimu saa 24 na dakika 11. Nakala rudufu zilikuwa zikichukuliwa kila baada ya saa nne na kujaribiwa kila siku, lakini haijawahi kutokea kundi zima la seva likajengwa upya kutokana nazo. Data ilipimwa kwa terabaiti. Kuihamisha, kuifumbua, kuihakiki na kuipakia kulichukua saa nyingi. Hapa pana funzo la kiutafiti ambalo vipimo vya kawaida vya muda wa kurejea hulificha: jaribio la kurejesha nakala moja halitabiri muda wa kurejesha mfumo mzima. Aidha, seva fuasi zilipokaribia kulifikia pengo, siku ya kazi ilikuwa imeanza Ulaya na Marekani, maingizo yakaongezeka, na kasi ya kulifikia ikapungua kadiri saa zilivyopita. Seva fuasi za ziada ziliongezwa katika wingu la umma ili kugawana mzigo wa usomaji.

Marekebisho ya mipangilio yaliyofuata yanaeleweka kirahisi: Orchestrator ilizuiwa kuteua seva kuu nje ya eneo la kijiografia la seva iliyoanguka. Maingizo yaliyokwama Mashariki hayakuwa na suluhisho la aina hiyo. Katika mojawapo ya makundi ya seva yenye shughuli nyingi zaidi yalihesabiwa 954. Baadhi watumiaji walikuwa wameyarudia wenyewe, mengine yaliweza kuoanishwa kwa programu, na yaliyosalia yalihitaji wenyewe watafutwe na kuulizwa.