Kigari cha Kopo na Nunda: Nani Hulipa?

Tumezoea kuhakiki dhamira na wahusika, tukasahau hesabu. Katika makala haya mafupi nakusudia kulinganisha gharama za kumiliki vitu viwili: kigari cha kopo na Nunda mla watu.

Tuanze na kigari. Likizo iliyopita, kwetu Mangapwani, mpwa wangu aliunda chake. Bodi kopo la maziwa, ekseli vijiti, na uzi wa kuvutia aliuokota pwani. Magurudumu ndiyo yaliyoleta kesi: aliyakata kwenye kandambili ya bibi, naye bibi akashikilia kwamba ilikuwa bado nzima. Hukumu: amtekee maji wiki nzima. Basi, hesabu ikafungwa. Mwenye kigari kalipa mwenyewe.

Sasa Nunda. Habari yake imo katika hadithi ya Sultani Majnuni, aliyoichapisha Edward Steere mwaka 1870 katika Swahili Tales, mkusanyiko wa hadithi alizozisikia Unguja. Nunda alianza paka, na paka, jamani, ana gharama gani? Akala ndama. Sultani akajibu kwamba paka ni wake na ndama ni wake. Wakafuata mbuzi, ng'ombe, punda, farasi na ngamia. Jibu lile lile. Akaliwa mtoto wa watu, kisha mtu mzima, na jibu halikubadilika. Raia waliolalamika waliambiwa wanamchukia paka tu.

Hapa ndipo kicheko kinapokwama kooni. Kwa Sultani, aliyeliwa ni mali, na mali haina haki ya kudai. Hadithi hii ilichapishwa miaka 3 kabla ya soko la watumwa la Unguja kufungwa mwaka 1873. Na kwetu Mangapwani bado lipo handaki walimofichwa watumwa baada ya soko hilo kufungwa. Msikilizaji wa zama zile hakuhitaji kufafanuliwa maana ya mtu kuitwa mali ya mtu.

Sultani alikiri kwamba huyu si paka bali ni Nunda siku alipoliwa wanawe watatu. Yaani zimwi lilipata jina lake pale deni lilipomfikia mwenyewe. Na hata hapo hakulilipa yeye: aliyekwenda kumsaka Nunda hadi akamuua ni mwanawe mdogo, yule aliyekuwa akimdharau.

Kandambili moja ya bibi ilipata mlalamikaji, hakimu na fidia siku ile ile. Nchi nzima ya Majnuni haikupata.